Mshahara Utumwe na ya Kutolea

Mtu wa Arusha akimtumia mdogo wake hela kwa simu, kabla hata ya shukrani ataulizwa: umeweka na ya kutolea? Hakuna anayeliona swali hilo kuwa utovu wa adabu. Kila mtu anajua kwamba elfu hamsini iliyotumwa bila ada ya wakala haifiki mkononi ikiwa elfu hamsini, na aliyetuma ndiye anayetarajiwa kuliziba pengo. Ajabu ni kwamba desturi hii, iliyoenea kwa ndugu, marafiki na hata wachumba, imeishia kwenye lango la kazini. Mwajiri anayelipa mishahara kwenye simu, au kwenye akaunti ya benki isiyo na tawi, hutuma kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba, akabonyeza, akafunga hesabu ya mwezi. Yanayofuata anayaona kuwa ni kati ya mfanyakazi, mtandao na wakala. Naona hapo ndipo matatizo mengi ya mishahara ya kidijitali yanapoanzia. Tumezoea kuhesabu kwamba mshahara umelipwa pale unapotumwa, ilhali sheria yetu wenyewe iliujenga wajibu wa mwajiri juu ya kufika.

Kifungu cha 27 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinasomeka kama kilichoandikwa na mtu aliyewahi kuishuhudia siku ya mshahara. Fedha zilipwe saa za kazi, mahali pa kazi, siku iliyokubaliwa. Zilipwe taslimu, isipokuwa mfanyakazi akikubali vinginevyo. Hapo zinaweza kulipwa kwa hundi, au kuingizwa moja kwa moja kwenye akaunti aliyoitaja mfanyakazi mwenyewe kwa maandishi. Zikiwa taslimu au hundi, ziwe ndani ya bahasha iliyofungwa. Kila malipo yawe na maelezo ya maandishi, na hata pale fedha zinapopitia akaunti, maelezo hayo bado yanatakiwa yamfikie mfanyakazi katika bahasha iliyofungwa. Ukiyasoma masharti haya kwa pamoja unaona kwamba gharama na taabu ya kuufikisha mshahara ni za mwajiri. Mshahara ndio unaomfuata mtu alipo, tena ndani ya saa anazolipwa. Si yeye anayeufuata mjini kwa nauli yake. Sheria hiyo haikutaja simu, na isingeweza, kwa sababu M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Kenya yenyewe ilipopitisha Sheria yake ya Ajira mwaka huohuo wa 2007 iliorodhesha fedha taslimu, akaunti ya benki, hundi na hata hawala ya posta, na simu haikuwamo.

Hapa Arusha, toka Elerai kuelekea magharibi, unaipita mibuni ya Burka kabla ya kufika Kisongo, kiliko kiwanda cha A to Z kinachotengeneza vyandarua. Rudi mashariki kwa barabara ya Moshi, utazikuta Tengeru na Usa River na mashamba ya maua, mboga na kahawa chini ya Mlima Meru. Ongeza kampuni za utalii, hoteli, gereji na wakandarasi, unapata mji ambamo maelfu ya watu wanalipwa ndani ya siku mbili tatu zilezile za mwisho wa mwezi. Waajiri hawa wana sababu nzuri za kuachana na bahasha. Kusafirisha mamilioni ya shilingi kutoka benki hadi shambani kunataka gari, ulinzi na siri ambayo haidumu. Kuhesabu noti na kupanga foleni kunakula nusu siku ya kazi. Na bahasha, kwa heshima yake yote, ilipita mikono mingi, na mikono mingine ilikuwa na tabia ya kuchukua chochote njiani. Kwa hiyo ombi la kurudi kwenye taslimu, ambalo husikika kila mfumo unapogoma, silioni kuwa jibu. Malipo ya pamoja kwa simu au kwa benki ya mtandaoni yanaacha kumbukumbu, na mfanyakazi anayefika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi akidai miezi mitatu hajalipwa anasaidiwa na kumbukumbu hiyo kama anavyosaidiwa mwajiri anayekana dai hilo.

Lakini litazame daftari la karani wa mishahara kwa karibu. Siku hizi ni jedwali la Excel lenye jina, namba ya simu na kiasi. Namba za simu za Tanzania huandikwa zikianza na sifuri, na programu ile, ikidhani imepewa hesabu, huifuta sifuri ya mbele kimyakimya. Mifumo ya malipo kwa kawaida inataka namba ianze na 255. Karani asiyelijua hilo hupeleka orodha ya tarakimu tisatisa, yote ikakataliwa, naye akaambiwa ajaribu tena. Hiyo bado ni bahati, maana kosa linalokataliwa linarekebishika kabla ya jioni. Kosa baya ni la tarakimu moja, 6 ikaandikwa 9, namba ikawa hai na ikawa ya mtu mwingine. Mfumo usiolinganisha jina na namba utaipeleka hela bila kusita, na kuirudisha kutategemea kama aliyepokea hajaitoa. Lipo pia la laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika, ikafungwa, kisha namba ikagawiwa mteja mwingine. Mfanyakazi alibadilisha laini, akamwambia msimamizi kwa mdomo, msimamizi akasahau, na mshahara wa mwezi ukaingia kwa mtu asiyejua hata shamba lenyewe liko wapi.

Wapo wanaosema dawa ni kulinganisha majina. Ni kweli, ila huku kwetu zoezi hilo lina ugumu wake. Wameru na Waarusha wana majina ya ukoo yanayojirudia sana: Kaaya, Pallangyo, Nnko, Mollel, Laizer. Shamba moja linaweza kuwa na akina Mollel kadhaa, wawili au watatu wakiwa na jina moja la ubatizo, na daftari la zamu likawa limewatofautisha kwa majina ya utani ambayo hayamo kwenye kitambulisho chochote. Upande wa pili, laini za simu zinabeba majina yaliyo kwenye Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA. Tangu usajili wa alama za vidole uliofikia ukomo wake Januari 2020, laini haisajiliwi bila namba ya utambulisho ya tarakimu 20, na wengi ambao hawakuwa na namba hiyo wakati ule walisajiliwa laini kwa jina la mume, kaka au jirani. Kwa mawasiliano ya kawaida halikuwa jambo kubwa. Kwa mshahara ni jambo kubwa sana, kwa sababu mwenye jina ndiye mwenye akaunti mbele ya kampuni ya simu. Ugomvi ukitokea nyumbani, au mwenye jina akifariki, hela iliyomo si ya aliyeifanyia kazi.

Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 95 wa mwaka 1949, ambao Tanzania imeuridhia, unataka mshahara ulipwe moja kwa moja kwa mfanyakazi anayehusika, isipokuwa sheria ya nchi ikielekeza au mwenyewe akikubali vinginevyo. Mwajiri anaweza kusema kwamba mama aliyeandika namba ya mumewe amekubali. Labda. Lakini kukubali kwa mtu ambaye hana namba nyingine ya kuandika kuna uzito mdogo, na mwajiri mwenye nia njema angemruhusu nusu siku akafuatilie NIDA kabla ya kuiweka fomu ile kabatini. Makosa ya upande wa pili ni makubwa zaidi, pale ofisi inapotangaza kwamba asiye na laini yenye jina lake mwezi huu hana mshahara. Hilo halina mguu wa kusimamia. Taslimu ndiyo njia ya msingi katika kifungu cha 27, na akaunti ni mbadala unaotokana na ridhaa. Mfumo ukimkataa mtu, wajibu unarudi kwenye bahasha, hauhamii mwezi ujao.

Nani achague akaunti? Kulikuwa na wakati swali hili halikuwa na maana. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, mabenki yalitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikawa ndiyo benki ya karibu kila mwenye mshahara. Leo kuna mabenki mengi, kuna mitandao ya simu, na kuna akaunti zinazofunguliwa na kuendeshwa kwa simu tupu bila mteja kukanyaga tawi, kama M-Pawa iliyoletwa na Vodacom pamoja na Commercial Bank of Africa mwaka 2014. Waajiri wengi bado wanaishi kana kwamba ni 1967. Wanaingia mkataba na benki moja au mtandao mmoja, halafu wanawaambia wafanyakazi wote wafungue huko. Ulaya walilikuta tatizo hilihili kwa sura nyingine. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2012 inamzuia mlipaji kudai kwamba akaunti ya anayelipwa iwe ya nchi fulani mwanachama. Hata hivyo, wenye akaunti za benki za mtandaoni kama N26 ya Ujerumani au Revolut wamekuwa wakilalamika kwamba ofisi za mishahara katika nchi nyingine zinazikataa namba zao, mara nyingi kwa kisingizio kwamba fomu haizipokei. Kisingizio cha fomu ndicho tunachokisikia na huku. Hapa Tanzania mfumo wa malipo ya papo kwa papo wa Benki Kuu, TIPS, unaunganisha mabenki na mitandao ya simu, kwa hiyo sababu ya kiufundi ya kumlazimisha mtu ahame mtandao imepungua nguvu. Inayobaki ni ya bei na uvivu, na ya bei inastahili kujadiliwa kwa uzito.

Tuchukue mfano. Amri ya Mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha sekta ya kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Tuseme, kwa hesabu tu, kutoa kiasi hicho kwa wakala kunagharimu shilingi 3,500. Ni asilimia mbili na nusu. Kwa mtu wa siku 26 za kazi kwa mwezi, siku moja ina thamani ya shilingi 5,385 hivi, kwa hiyo ada hiyo inakula zaidi ya nusu siku ya kukata maua au kuchuma kahawa. Tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021, iliyokuwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala kabla ya kupunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo, ilionyesha jinsi gharama ya njia inavyoweza kubadilika ghafla bila mkataba wa kazi kuguswa. Nchi nzima ilipiga kelele, na haki ilikuwa kupiga. Katika kelele zile, hata hivyo, ni wachache waliouliza kwa nini mtu aliyekuwa akipokea bahasha bila kukatwa chochote sasa alipie kuupokea mshahara wake mwenyewe, tozo iwepo au isiwepo.

Mwajiri mdogo atajibu kwamba hana uwezo. Mwenye wafanyakazi arobaini, kwa mfano uleule, ataongeza shilingi 140,000 kila mwezi, yaani mshahara wa mtu mmoja mzima. Sitaki kuipuuza hesabu hiyo. Kwenye biashara ndogo ya Sombetini au Ngarenaro inauma. Ila gharama ile haikuzaliwa na simu. Ilikuwapo kwenye gari, kwa mlinzi na katika saa za kazi zilizopotea kwenye foleni, na mwajiri ndiye aliyekuwa akiibeba. Alipohamia kwenye simu alipata nafuu, kisha kipande cha gharama kikamwangukia mfanyakazi bila mtu yeyote kuamua hivyo. Arudishe kile kipande tu. Tena mwenye kulipa watu arobaini kwa mpigo ana nguvu ya kuzungumza bei na mtandao au benki, nguvu ambayo mchumaji mmoja aliyesimama kwenye kibanda cha wakala hana. Na kama mfanyakazi hataitoa hela yote, akalipa dukani kwa Lipa Namba na kubaki na ya kutolea mfukoni, sioni hasara iliyompata mtu.

Lipo jambo gumu zaidi ambalo ukarimu wa mwajiri hauwezi kulimaliza. Sheria hiyohiyo ya 2004, kifungu cha 28, inamzuia mwajiri kuukata mshahara ovyo. Lazima kuwe na sheria, makubaliano ya pamoja, amri ya mahakama au tuzo, ama ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi kwa ajili ya deni. Ulinzi huo unaulinda mshahara ukiwa mikononi mwa mwajiri. Ukishaingia kwenye akaunti ya simu unakutana na mdai ambaye amekaa mlangoni tayari. Huduma za kukamilisha muamala pale salio linapopungua, Songesha ya Vodacom hapa kwetu na Fuliza iliyoanza Kenya Januari 2019, hujilipa zenyewe mara hela inapoingia. Mteja alikubali masharti hayo kwa kubonyeza namba, pengine usiku, mtoto akiwa na homa, na huenda deni lenyewe lilimwokoa. Silaumu huduma. Nasema tu kwamba deni la mkopeshaji wa kawaida lingesubiri mfanyakazi apokee, ahesabu na aamue alipe lipi kwanza, kodi ya chumba au duka. Hili halimpi nafasi hiyo. Hapa ndipo haki ya kuitaja akaunti kwa maandishi inapokuwa na maana ya kweli. Mfanyakazi anaweza kutaka mshahara uende kwenye namba au benki nyingine, na ofisi inayoweka tarehe ya wazi kila mwezi ya kupokea mabadiliko, tuseme hadi tarehe 20, inampa uwezo wa kupanga madeni yake badala ya kupangiwa. Karani atalalamika kwamba kazi inaongezeka. Inaongezeka kweli.

Wenye mashaka huuliza pia kuhusu usalama: benki isiyo na jengo ikifa, tutagonga mlango gani? Mwaka 2024 huko Marekani kampuni ya Synapse, iliyokuwa kati ya programu za simu na mabenki yanayotunza fedha, ilifilisika, na zaidi ya watu 100,000 wakazuiwa kuzigusa fedha zao, jumla ikiwa kama dola milioni 265. Ni kisa cha kutisha. Lakini watu wa Meru hawahitaji kwenda Marekani kujifunza kwamba benki hufa. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano kwa mpigo kwa upungufu wa mtaji, mojawapo ikiwa Meru Community Bank, benki yenye ofisi, meza na kaunta. Bima ya amana wakati huo iliishia shilingi 1,500,000 kwa mteja, kiasi ambacho baadaye kimepandishwa hadi 7,500,000. Kwa hiyo swali la kuuliza ni leseni, bima na mahali fedha zinapohifadhiwa; kampuni za simu, kwa mfano, zinatakiwa kuziweka fedha za wateja kwenye akaunti za udhamini katika mabenki. Na tusisahau nani hasa yuko hatarini. Mshahara wa laki moja na nusu hukaa kwenye simu saa chache tu kabla haujaisha. Fedha zinazolala kwenye mfumo ni za mwajiri, zile anazoziweka mapema ili malipo ya pamoja yapite, na ndiye mwenye sababu kubwa ya kuichunguza benki anayoitumia.

Ujumbe mfupi wa simu, nao, umechukua nafasi isiyo yake. Unasema umepokea kiasi fulani kutoka kampuni fulani. Hausemi saa za ziada zilihesabiwaje, siku ya ugonjwa ilikatwa au la, NSSF imekwenda kiasi gani, kodi ya mapato kiasi gani. Waajiri wengi wameacha kutoa slipi ya mshahara kwa hoja kwamba mfanyakazi ameona kwenye simu. Ameona jumla, hesabu yake hajaiona. Chama cha wafanyakazi wa mashambani, TPAWU, na waajiri wanapokaa kujadili mkataba wa hali bora, kipengele kuhusu slipi, ada ya kutolea na muamala uliokataliwa kingechukua nusu ukurasa tu. Kingeeleza kwamba muamala ukirudi, mwajiri analipa taslimu ndani ya siku ngapi. Kingeeleza pia mshahara usitumwe Ijumaa jioni shamba zima kwa wakati mmoja, kwa sababu mawakala wawili wa getini huishiwa floti baada ya watu thelathini wa kwanza, na waliobaki hupanda bodaboda kwenda kutafuta noti mjini, kwa nauli ambayo haimo kwenye hesabu yoyote ya mishahara.

Kundi ambalo hata kipengele hicho hakitalifikia ni vibarua wa siku, wale wa msimu wa kahawa na wa kwenye majengo yanayochipuka pembezoni mwa Elerai. Hapo kampuni mara nyingi haina namba zao kabisa. Inamtumia nyapara jumla moja kwenye simu yake, naye anawagawia, na ada ya kutolea anaikata kwao kwa makadirio yake mwenyewe. Kampuni ina risiti safi ya kidijitali inayoonyesha kazi imelipwa. Risiti hiyo ina jina la mtu mmoja, na waliobeba zege walikuwa kumi na tano.